Skrini Nyeusi, Kipanya Kilichoganda: Kusaka Hitilafu za Draiva Kwenye Mfumo Uliojijengea

Skrini nyeusi si hitilafu moja. Kuna inayobaki na mstari wa mwisho wa GRUB (programu inayoianzisha kerneli) kisha kimya. Kuna inayomwaga maandishi ya kuwaka vizuri kabisa, halafu baada ya sekunde chache inazimika. Kuna inayokufikisha hadi kwenye terminali, unaandika `startx` (amri ya kuwasha mazingira ya madirisha), inapepesa mara moja na kukurudisha ulikotoka. Ya nne si nyeusi hata kidogo: madirisha yapo, picha ya nyuma ipo, ila kila ukisogeza dirisha linajikokota na feni inavuma. Na kuna ya tano, inayokera kuliko zote: kila kitu kimependeza, kishale kimetulia katikati ya skrini, na hakuna unachogusa kinachokitikisa.

Anayetumia mfumo ulioandaliwa na wengine hukutana na mambo haya kwa nadra. Aliyejijengea mwenyewe, kwa Linux From Scratch (LFS), Gentoo, au FreeBSD iliyokompailiwa kutoka msimbo chanzo, atakutana nayo karibu yote, na neno la kwanza litakalomtoka ni kwamba draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ni mbovu. Mara nyingi draiva ni nzima. Kilichokosekana ni kitu ambacho draiva ilikitegemea, au kuna vipande viwili vilivyokompailiwa nyakati tofauti na sasa havielewani. Waandaaji wa Debian au Fedora hutoa kerneli (kiini cha mfumo), fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe), Mesa (maktaba ya michoro), udev (huduma inayotambua vifaa) na seva ya michoro vikiwa vimeshajaribiwa pamoja. Ukijijengea, kazi hiyo umeichukua wewe, na hakuna atakayekushtua ukiruka kipande.

Picha na miguso hupita mikono mingi kabla ya kukufikia, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji: ndoo isipofika mwisho, hakuna faida ya kumgombeza aliyesimama mwisho. Unatembea mstari mzima kutoka kisimani hadi umpate wa mwisho aliyeishika. Makala haya yanautembea mstari huo, kwanza upande wa picha, kisha upande wa kibodi na kipanya.

## Hakikisha kwanza unaendesha kerneli unayodhani

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika `uname -v`. Utapata namba ya ujenzi na tarehe, mfano `#3 SMP PREEMPT_DYNAMIC` ikifuatiwa na siku na saa. Kama tarehe hiyo si ya ujenzi wako wa mwisho, mengine yote uliyojaribu hayakujaribiwa. Inatokea kirahisi sana: `/boot` iko kwenye kizigeu chake (sehemu ya diski iliyotengwa), haikuwa imepachikwa wakati unanakili kerneli mpya, basi faili likaenda kukaa kwenye folda tupu iliyo chini yake. Kompyuta ikiwashwa tena inasoma kizigeu halisi, chenye kerneli ya zamani. Hakuna ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu hakuna kilichokosewa kwa macho ya kompyuta.

Pili, usiamini kwamba chaguo uliloliweka bado lipo. Unapohariri faili la `.config`, lenye mpangilio wa kerneli, kwa mkono kisha ukaendesha `make olddefconfig`, chaguo ambalo masharti yake hayajatimia hufutwa kimya kimya. Uliandika, likaondolewa, ukakompaili bila hilo. Ndiyo maana kila kerneli ninayoijenga huwa na `CONFIG_IKCONFIG_PROC`, ili `zcat /proc/config.gz` iniambie kilichomo ndani ya kerneli inayokimbia sasa hivi. Faili lililoko kwenye folda ya msimbo chanzo linaweza kuwa la ujenzi mwingine kabisa.

Tatu, tafuta shahidi. Washa kompyuta hiyohiyo kwa flashi yenye mfumo wowote uliokamilika ambao michoro na kibodi vinafanya kazi. Hifadhi matokeo ya `lspci -nnk`, `lsmod`, `dmesg` na `cat /proc/bus/input/devices`. Kwa dakika chache umepata orodha ya kila draiva ambayo kifaa chako kinaihitaji, tena kwa jina. Kutoka hapo `make localmodconfig` inaweza kukuandalia mpangilio wa kerneli wenye moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) zilizopakiwa wakati huo tu. Lakini chomeka kwanza kila kitu unachokitumia, pamoja na kipanya cha ziada na kamera, la sivyo vitaachwa nje.

## Upande wa picha: kerneli na fimwea

Zamani seva ya X (Xorg), inayochora madirisha kwenye skrini, ndiyo iliyoshika kadi ya michoro moja kwa moja. Tangu mwaka 2009, toleo 2.6.29 lilipoingiza upangaji wa skrini ndani ya kerneli kwa kuanzia na kadi za Intel, kazi hiyo imehamia chini. Leo draiva kama `i915`, `amdgpu` au `nouveau` huishika kadi, huchagua ukubwa wa picha, na huweka mlango kwenye `/dev/dri`, kwa kawaida `card0` na `renderD128`, ingawa namba ya kadi inaweza kuwa nyingine. Ukikuta mwongozo unaokuamuru uandike `xorg.conf` ndefu yenye kila kifaa na masafa ya skrini, angalia uliandikwa lini. Yaelekea ni wa zama zile, na faili hilo ndilo litakalokuharibia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: `ls -l /dev/dri` inaonyesha nini? Kama folda haipo, sahau X, sahau Wayland (mbadala mpya wa X), sahau Mesa. Hitilafu iko kwenye kerneli. Uliza `lspci -nnk`, tafuta kadi yako, na utazame kama kuna mstari wa `Kernel driver in use`. Kwenye mabano ya mraba utaona jozi ya namba, mfano `[8086:9a49]`. Ya kwanza ni ya mtengenezaji (8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni NVIDIA) na ya pili ni ya chipu yenyewe. Mstari wa draiva ukikosekana, hakuna aliyeichukua kadi. Ama hukukompaili draiva hiyo, ama kerneli yako ni ya zamani kuliko chipu, ama bado una `nomodeset` (chaguo linaloizuia draiva ya michoro kupanga skrini) kwenye mstari wa kuwashia mfumo, uliyoiweka siku ya kwanza ili usakinishe na ukaiacha hapo. Hiyo ya mwisho hukagui mpaka umekata tamaa, basi anza nayo: `cat /proc/cmdline`.

Sasa ile skrini inayozimika katikati ya kuwaka. Mwanzoni kerneli huonyesha maandishi kwa draiva nyepesi, `simpledrm` au ya EFI, inayotumia picha iliyoachwa tayari na kompyuta yenyewe. Kisha draiva halisi inafika, inaiondoa ile nyepesi, na kuanza kuiamsha kadi. Ikikwama hapo, hakuna tena wa kuchora hata herufi moja. Ingia kwa `ssh` kutoka kompyuta nyingine, au washa upya ukitumia `nomodeset` kwa muda na usome logi ya safari iliyopita, na sana sana utakuta mstari wa namna hii:

```
Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2
```

Namba -2 maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Unakimbilia `/lib/firmware/amdgpu`, na faili unaliona kwa macho yako. Hapo ndipo wengi huanza kuilaani draiva. Lakini kerneli haikusema kwamba faili halipo. Ilisema kwamba ilipolitafuta haikulipata, na ililitafuta kabla ya diski kupachikwa. Draiva uliyoiweka kwa `=y` iko ndani ya kerneli na huanza kazi mapema sana, wakati `/lib/firmware` bado haijaonekana. Una njia tatu: igeuze kuwa moduli kwa `=m` ili ipakiwe baada ya diski kupatikana; tia fimwea ndani ya kerneli kwa `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`; au iweke kwenye initramfs (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa pamoja na kerneli). Binafsi nachagua moduli, kwa sababu orodha ya `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE` inataka kila faili kwa jina lake, na kadi moja ya AMD huwa na mafaili mengi.

Kuna mtego wa pili wenye namba ileile ya -2. Siku hizi fimwea mara nyingi husakinishwa ikiwa imebanwa, na majina yake huishia na `.xz` au `.zst`. Kerneli isiyo na `CONFIG_FW_LOADER_COMPRESS`, pamoja na aina ya mbano inayohusika, haitafuti majina hayo kabisa. Kwako faili lipo. Kwake halipo.

Uzito wa kukosa fimwea hutofautiana. `amdgpu` bila fimwea haiamki kabisa. Chipu nyingi za Intel za miaka ya nyuma huonyesha picha vizuri na hupoteza tu njia fulani za kubana umeme, kwa hiyo kompyuta mpakato inamaliza chaji mapema na mwenyewe hajui kwa nini. Kwa NVIDIA, kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell cha mwaka 2014, `nouveau` inahitaji fimwea iliyotiwa saini na kampuni ili kadi ichore kwa kasi. Bila hiyo unapata picha tu.

Ile skrini inayonyamaza baada ya GRUB ni jambo jingine. Bonyeza Caps Lock: taa ikiwaka na kuzima, kompyuta iko hai na kilichokosekana ni mtu wa kuchora maandishi. Angalia `CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE`, `CONFIG_DRM_SIMPLEDRM` ikiwa na `CONFIG_SYSFB_SIMPLEFB`, na `CONFIG_DRM_FBDEV_EMULATION`. Hii ya mwisho ikikosekana, unaweza kupata kituko cha terminali nyeusi kwenye mfumo ambao X yake inawaka bila shida.

## Juu ya kerneli: Mesa na ule mwendo wa konokono

Tuseme `/dev/dri` ipo, picha ipo, ila kila kitu ni kizito. Andika `glxinfo -B` na usome mstari wa `OpenGL renderer string`. Ukiona jina la kadi yako, tatizo la uzito liko kwingine. Ukiona `llvmpipe`, basi kadi inaonyesha picha lakini michoro yote inapigwa hesabu na prosesa. Mesa haikupata draiva yake, ikatumia ile ya akiba, na haikusema kitu.

Mesa ina draiva zake yenyewe, tofauti na zile za kerneli, na ni lazima uzichague unapoikompaili. Kadi za AMD za miaka mingi sasa zinahitaji `radeonsi`. Intel za karibuni zinahitaji `iris`, na zile za zamani zinahitaji `crocus`. Hapa kuna jambo linalowaangusha wanaofuata maandishi ya kale: Mesa 22.0 ya mwaka 2022 iliondoa draiva za mtindo wa zamani, ikiwemo `i965`, na kuzihamishia kwenye tawi la Amber. Mpangilio wa Gentoo ulionakiliwa kutoka kompyuta ya zamani na kuachwa na `i965` peke yake kwenye `VIDEO_CARDS` hautakupa kasi yoyote kwenye Mesa ya leo.

Kama draiva sahihi ilikompailiwa na bado unapata `llvmpipe`, endesha `LIBGL_DEBUG=verbose glxinfo -B`. Itakutajia faili iliyojaribu kulifungua na kwa nini imeshindwa. Jibu la kawaida ni ruhusa. Kwenye mfumo wenye systemd-logind au elogind (huduma zinazosimamia vikao vya watumiaji), anayeingia kwa kukaa mbele ya kompyuta hupewa haki juu ya `/dev/dri` papo hapo; utaona alama ya `+` mwishoni mwa ruhusa kwenye `ls -l`. Bila huduma hiyo, mtumiaji anatakiwa kuwa kwenye kundi la `video`, na pengine `render`. Kumbuka kutoka na kuingia upya baada ya kumwongeza, maana kundi jipya halisomwi kwenye kikao kilichokwisha kufunguliwa.

Wayland ina kikwazo chake kidogo: programu inayosimamia madirisha hukataa kuwaka kama `XDG_RUNTIME_DIR` haijawekwa. Kwenye mfumo uliojijengea bila elogind hakuna anayeiweka kwa niaba yako. Si hitilafu ya michoro, ila inaonekana kama ya michoro.

## Logi ya Xorg na herufi zake zinazopotosha

X ikikurudisha kwenye terminali, majibu yako kwenye `/var/log/Xorg.0.log`, au `~/.local/share/xorg/Xorg.0.log` kama inaendeshwa bila haki za root. Kila mstari una alama: `(EE)` kwa kosa, `(WW)` kwa onyo, `(II)` kwa taarifa. Desturi ya kuchuja `(EE)` tu na kuacha mengine imewapotezea watu muda mwingi.

Mfano wa kwanza ni mstari huu:

```
(EE) Failed to load module "intel" (module does not exist, 0)
```

Unatisha, na mara nyingi hauna maana yoyote. Xorg inapojipanga yenyewe hujaribu kwanza draiva yenye jina la mtengenezaji, ikiikosa inakwenda kwa `modesetting`, ambayo tangu Xorg 1.17 ya mwaka 2015 imo ndani ya seva yenyewe na inatosha kwa kadi nyingi. Ukikimbilia kukompaili `xf86-video-intel` ili kuunyamazisha mstari huu, unaweza kuwa umebadilisha draiva inayotunzwa kwa iliyoachwa nyuma.

Mfano wa pili ni kinyume chake:

```
(II) No input driver specified, ignoring this device.
```

Huu umeandikwa kama taarifa tu. Ukijirudia kwa vifaa vyote, ndio unaokuambia kwa nini kibodi na kipanya vimekufa: X imeviona, haikupata draiva ya kuvikabidhi, ikaviacha.

Na kuna `(EE)` inayostahili kuaminiwa neno kwa neno: ile isemayo kwamba namba kuu ya ABI (makubaliano ya mawasiliano kati ya seva na draiva) ya moduli, tuseme 24, hailingani na ya seva, tuseme 25. Hiyo hutokea ukipandisha Xorg kutoka 1.20 hadi 21.1 bila kukompaili upya draiva za nje. Gentoo ina amri ya `emerge @x11-module-rebuild` kwa kazi hiyo. Kwenye LFS unazirudia mwenyewe, moja moja.

## Upande wa kibodi na kipanya

Hapa ndipo mfumo uliojengwa kwa mkono unapoonyesha tabia za ajabu kuliko kwingine, na kuna moja inayofaa kutazamwa kwa karibu.

Kibodi inafanya kazi kwenye terminali. Unaandika jina, nenosiri, `startx`. Skrini inakuja, na kibodi ileile imekufa. Mtu yeyote atasema X ndiyo mbaya, maana ushahidi wote uko upande huo. Sasa fungua `/proc/bus/input/devices` na utafute kibodi yako:

```
N: Name="AT Translated Set 2 keyboard"
H: Handlers=sysrq kbd leds
```

Soma mstari wa `Handlers`. Hao ndio wanaopokea kila kitufe unachobonyeza. Yule aitwaye `kbd` ndiye anayepeleka herufi kwenye terminali, naye yumo ndani ya kerneli, hategemei kitu kingine. Lakini X na Wayland hazimsikilizi huyo. Zinasoma `/dev/input/event0` na ndugu zake, na hapa hakuna `event` yoyote. Mstari mzima ungekuwa `sysrq kbd leds event0`. Kilichokosekana ni `CONFIG_INPUT_EVDEV`, chaguo moja lisilotajwa na kosa lolote popote. X haina cha kulalamikia. Imeuliza vifaa, imeambiwa hakuna.

Kama `event` zipo, panda hatua moja hadi udev. Endesha `udevadm info /dev/input/event0` na utafute `ID_INPUT=1`, pamoja na aina yake, mfano `ID_INPUT_KEYBOARD=1` au `ID_INPUT_TOUCHPAD=1`. Libinput, maktaba inayosoma vifaa hivi kwa niaba ya X na Wayland, hupuuza kifaa kisicho na alama hizi. Huwekwa na udev wakati kifaa kinapogunduliwa, na kwenye mfumo wenye skripti zako mwenyewe inawezekana udev ilianza kukiwa tayari kibodi imeshagunduliwa, na hakuna aliyeiambia ivipitie upya vifaa vilivyotangulia. Jaribu `udevadm trigger` kama root. Alama zikitokea, umeijua skripti ya kurekebisha. Waliochagua `mdev` ya BusyBox badala ya udev wajue kwamba Xorg iliyokompailiwa kwa kutegemea udev haitapata orodha kutoka popote.

Hatua inayofuata ni `libinput debug-events`, kama root, nje ya X. Sogeza kipanya. Mistari ikimiminika, kila kitu kuanzia waya hadi libinput ni kizima, na kilichobaki ni X au Wayland. Kwa X, hakikisha `xf86-input-libinput` imesakinishwa na kwamba `40-libinput.conf` ipo kwenye `/usr/share/X11/xorg.conf.d`. Mafaili ya folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina na la baadaye hushinda, kwa hiyo `70-synaptics.conf` iliyosahaulika humpokonya libinput tachipadi. Kwa Wayland, tazama kama seatd (huduma ndogo ya kazi hiyohiyo) au logind inaendeshwa, kwani ndiyo inayofungua vifaa kwa niaba ya programu. Utashauriwa ujiongeze kwenye kundi la `input` ili yaishe. Yataisha kweli, ila kuanzia hapo programu yoyote unayoiendesha inaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza, pamoja na nenosiri. Mimi siipendi dawa hiyo.

Tachipadi za kompyuta mpakato zinastahili neno la ziada. Za zamani ziliunganishwa kwa PS/2 na `CONFIG_MOUSE_PS2` ilitosha. Nyingi za sasa zimekaa kwenye basi la I2C, na ili zionekane unahitaji mlolongo mzima: draiva ya pini ya chipu yako (`pinctrl-amd` kwa AMD, au ile ya kizazi husika cha Intel), kidhibiti cha I2C ambacho kwa kawaida ni DesignWare, kwa Intel na LPSS pia, kisha `CONFIG_I2C_HID_ACPI`, kisha `CONFIG_HID_MULTITOUCH`. Mwaka 2021 chaguo la zamani la `CONFIG_I2C_HID` liligawanywa, na walioendelea na mpangilio wao wa miaka iliyopita walijikuta tachipadi imetoweka baada ya kupandisha kerneli.

Pete ya mwisho ya mlolongo ikikosekana, dalili ni ya kipekee: tachipadi inasogeza kishale, lakini vidole viwili havipandishi ukurasa. Tachipadi hizi huamka zikijifanya kipanya cha kawaida, na ni `hid-multitouch` inayoziambia zibadilike. Ukikuta kwenye `/proc/bus/input/devices` kifaa chako kimeandikwa `Mouse` na hakuna chenye `Touchpad`, usihangaike na mipangilio ya eneokazi.

## Vipande vya nje ya kerneli

Moduli isiyo sehemu ya msimbo wa kerneli huachana nayo kila unapoijenga upya. Draiva ya NVIDIA ya kampuni yenyewe ndiyo inayojulikana zaidi. Ukipata `Invalid module format`, ilikompailiwa kwa kerneli nyingine. Ukipata `API mismatch`, moduli iliyopakiwa na maktaba zilizosakinishwa ni za matoleo mawili. Mara nyingi umesasisha bila kuwasha upya. Hakikisha pia `nouveau` haijaichukua kadi kabla, na kwa Wayland weka `nvidia-drm.modeset=1`. Kwenye Gentoo, `emerge @module-rebuild` baada ya kila kerneli mpya iwe mazoea.

Watumiaji wa FreeBSD wana toleo lao la ugonjwa huu. Draiva za michoro ziko kwenye porti (maelekezo ya kukompaili programu ya nje) za `drm-kmod`, nje ya mfumo, na zimetoholewa kutoka Linux. Ukijijengea kerneli kisha ukasakinisha pakiti iliyokwisha kompailiwa na wengine, utapokea:

```
KLD i915kms.ko: depends on kernel - not available or version mismatch
```

Kompaili porti hiyo dhidi ya msimbo ule ule uliojengea kerneli. Afadhali zaidi, weka kwenye `PORTS_MODULES` ya `/etc/src.conf` porti yenye toleo linaloendana na mfumo wako, mfano `graphics/drm-61-kmod`, si ile ya jumla ya `drm-kmod`, ili ijengwe kila unapoendesha `make buildkernel`. Moduli hupakiwa kwa `kld_list` ndani ya `rc.conf`, kuiweka kwenye `loader.conf` ni tabia ya miongozo ya zamani. Kwa kibodi na kipanya, kerneli iliyopunguzwa lazima ibaki na `EVDEV_SUPPORT`, na `sysctl kern.evdev.rcpt_mask` ikiwa 12 matukio yatatoka moja kwa moja kwenye vifaa.

## Kutojifungia nje

Unapojaribu, jiachie mlango. Ruhusu `ssh`. Acha kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Kama huna kompyuta ya pili, ingia kama root kwenye terminali nyingine na uandike `sleep 60; pkill Xorg` kabla ya kuiwasha X, ili ijifie yenyewe hata kama kibodi haisikii. Na ukiweka `CONFIG_MAGIC_SYSRQ` na kuiruhusu, Alt+SysRq+R huinyang'anya X kibodi na kuirudishia kerneli, kisha Ctrl+Alt+F2 inafanya kazi tena. Kwa kibodi iliyokosa evdev njia hii hufaa, kwa sababu `sysrq` na `kbd` bado wamo kwenye ule mstari wa `Handlers`.

Ikiwa kila kiungo kimepita ukaguzi na bado picha inavunjika, hapo sasa ni haki kuishuku draiva yenyewe. Washa na `drm.debug=0x1e log_buf_len=4M` na uhifadhi `dmesg` nzima; wanaoitunza watakuomba hiyo kwanza. Kisha, kama toleo la zamani la kerneli lilikuwa zima, tumia `git bisect`. Toleo moja la kerneli huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kugawa nusu kwa nusu unalifikia badiliko lililovunja kwa ujenzi kama 14 hivi. Mtumiaji wa mfumo wa kawaida huogopa kazi hiyo kwa sababu hajawahi kukompaili kerneli hata mara moja. Wewe msimbo chanzo unao, mpangilio unao, na ujenzi wa pili na kuendelea hukompaili mafaili yaliyobadilika tu.